Tangi na Paa

Bango la mita tatu kwa mbili,
wali kumi na wawili wa unyago wa Mnyambe,
kila binti na tabaka lake, kivuli chake,
maua ya dhahabu aliyoyachagua mama yake,
na kompyuta ikaganda kwa binti wa tisa.

Duara dogo likazunguka, likazunguka.
Lukia akaenda kununua mihogo, akarudi, akaimenya.
Duara bado.
Giga nne. Zilikuja na mashine, ya mtumba,
enzi kazi yangu ilipokuwa barua za kuomba kazi
na kadi za michango zenye pete mbili na njiwa.

Nikampigia Fundi Chipwaza, Mtwara mjini.
"Weka thelathini na mbili," kabla sijamaliza salamu,
"utalala usingizi."
Kwa bei aliyoitaja ningelala kweli,
na njaa.

Wanasema ramu ni meza, diski ni kabati;
meza ikiwa finyu, kutwa uko mguu njia kwenda kabatini.
Sawa. Lakini mimi nimezaliwa Newala,
huku juu ambako Ruvuma tunauona kwa macho tu,
na maji ya kunywa hushuka batini.
Mimi nahesabu kwa tangi.

Jirani yetu Nandule alijenga tangi la lita elfu arobaini
mwaka ule korosho ilipolipa.
Saruji, nondo, mfuniko wa chuma.
Watu walitoka vitongojini kuja kulitazama.
Paa lake: bati kumi na nane.
Halijawahi kufika nusu.
Hadi leo ukisema neno mdomoni mwake
linakujibu.

Shangazi yangu naye alitega pipa moja
chini ya paa la vyumba sita.
Usiku wa mvua alikuwa haoni usingizi,
akisikiliza maji yake yakienda kwa watu wa bondeni.

Basi nikapima paa.
Nikabeba kazi zangu kwenye flashi
hadi kwa Mwalimu Mtepa, mwenye mashine kubwa;
kazi nilizo nazo, si zile ninazoziota:
nembo ya chama cha msingi, ya kupigwa kwenye magunia,
lebo ya asali,
bango.
Mfumo wenyewe ulikunywa tatu kabla mgeni hajakaribishwa.
Kivinjari, moja na nusu (Lukia hafungi kurasa,
na mimi, kusema kweli, sifungi pia).
Mabinti, wote kumi na wawili, kwa mara ya kwanza
wamesimama pamoja: sita na ushei.
Kumi na moja. Msimu ukichanganya, kumi na tatu.

Nane ni pipa la shangazi.
Thelathini na mbili, unasema neno, linakujibu.

"Kumi na sita," nikamwambia Chipwaza.
"Nikupe mbili za nane? Zikiwa pacha hukimbia zaidi."
Ni kweli, hukimbia.
Lakini matundu ni mawili tu,
na mjenzi wa huku huacha ncha moja ya mfereji
imezibwa kwa gunzi,
kwa ajili ya chumba ambacho hakijajengwa.
Moja, nikasema. Tundu la pili libaki wazi.

Ikaja na basi la asubuhi,
kwenye boksi dogo kuliko kipande cha sabuni.
Nikaifuta vumbi mashine, nikaisukuma ramu
hadi ikalia *ta*,
Lukia akiwa ameshika tochi ya simu, amebana pumzi.

Bango likafunguka. Wa kwanza, wa pili,
maua, vivuli, dhahabu ya watu wote,
wa nane,
na wa tisa, Asumini, ambaye kwa siku nne
nilimlilia kwenye duara:

amefumba macho.

Picha ilipigwa akipepesa.
Nikakaa kidogo mbele yake na giga zangu zote.
Kisha nikatafuta namba ya mama yake.